Kugeuza ukumbi wa zamani kuwa makao ya wazee: Waingereza walifanyaje katika nyumba zao za hisani?

Mchora Ramani, Nakuru

Hamjambo wanajukwaa. Ninafanya kazi katika ofisi ndogo ya uchoraji wa ramani za majengo hapa Nakuru, na kamati ya parokia moja iliyo upande wa Bahati imetuomba ushauri kuhusu ukumbi wa mawe ambao zama za ukoloni ulijengwa kama bweni la wavulana. Ukumbi huo una urefu wa futi 80 na upana wa futi 24 kwa ndani. Kuta zake ni za mawe ya Ndundori yaliyochongwa kwa mkono, kila upande una madirisha 8, na mbele kuna baraza inayotazama kanisa. Paa la mabati limebebwa na kenchi za mtarakwa. Tulipopanda juu na kuzigonga moja baada ya nyingine, zote zilitoa mlio mkavu wa mbao nzima, isipokuwa mbili zilizo karibu na mfereji wa paa uliotoboka.

Kamati inataka makao ya wazee 8 wasio na jamaa wa kuwatunza. Pendekezo la kwanza lililotolewa kikaoni lilikuwa kubomoa kila kitu na kuinua jengo la ghorofa mbili. Niliomba muda nitafute mifano ya watu waliowahi kuyageuza majengo ya namna hii bila kuyaua, na utafutaji huo umenifikisha kwenye nyumba za hisani za Uingereza, yaani makao ambayo maaskofu, matajiri na vyama vya wafanyabiashara wamekuwa wakiwajengea wazee maskini tangu karne za kati, na ambayo mengi yanakaliwa hata leo.

Mifano miwili imenigonganisha mawazo. Wa kwanza ni St Mary's Hospital ya Chichester, ambayo licha ya jina lake haikuwa mahali pa kutibia bali makao. Ukumbi wake ni wa mwishoni mwa karne ya 13, na katika karne ya 17 vilijengwa vijumba vya wazee ndani yake, chini ya paa lile lile. Wa pili ni Browne's Hospital ya Stamford, iliyoanzishwa katika karne ya 15 na William Browne, mfanyabiashara wa sufu. Huko, mwaka 1870, wazee walitolewa katika ukumbi wa kale na kujengewa nyumba mpya nyuma yake. Kwa hiyo ninauliza: kwa ukumbi wetu wa Bahati, ni njia ipi kati ya hizi mbili inayofaa, ya kujenga ndani au ya kujenga nyuma? Tena, Waingereza waliingizaje mabafu na vyoo katika kuta za karne nyingi bila kuziharibu? Ningeshukuru kupata majibu ya wale walioshughulika na majengo ya kale, na pia ya wale wanaoishi na wazee kila siku.

Mhifadhi, Kisumu

Dada Mchora Ramani, umeichagua mifano miwili inayofaa kabisa kuwekwa ubavu kwa ubavu, lakini ili uielewe vizuri inafaa kuanza na sababu iliyofanya majengo haya yabadilishwe. Nyumba za hisani za mwanzo zilijengwa kwa umbo la kanisa: ukumbi mmoja mrefu, vitanda vimepangwa kandokando ya kuta, na mwisho wake upande wa mashariki kikanisa chenye altare, ili hata mzee asiyeweza kuinuka aifuate ibada akiwa kitandani. Mfadhili aliwapa chakula na malazi, nao walimwombea roho yake. Faragha haikuwa sehemu ya mapatano hayo.

Kufikia karne ya 15 mambo yalikuwa yameanza kugeuka. Huko Ewelme, katika jimbo la Oxfordshire, William de la Pole na mkewe Alice Chaucer walianzisha mwaka 1437 makao ya wanaume 13, na hawakujenga ukumbi wa vitanda. Walijenga vijumba vya matofali vilivyozunguka ua mdogo wenye ushoroba ulioezekwa, na kila mzee akawa na mlango wake na meko yake. Miaka michache baadaye, Kardinali Beaufort alipoyapanua makao ya St Cross karibu na Winchester, yaliyoanzishwa na Askofu Henry wa Blois katika miaka ya 1130, alijenga safu ndefu ya makazi ambayo dohani zake ndefu, zilizopangwa kwa mstari, ndizo jambo la kwanza mgeni analoliona anapoingia uani. Ukizihesabu dohani katika picha ya jengo lolote la aina hii unapata fununu ya watu wangapi walikuwa na moto wao wenyewe.

Kisha likaja pigo la Mfalme Henry VIII na mwanawe Edward VI, waliozifunga nyumba za watawa na vikanisa vya kuwaombea wafu kati ya mwaka 1536 na 1547. Nyumba nyingi za hisani zilizofungamana na sala hizo zilikufa. Zilizofuata zilianzishwa kwa mawazo mengine, nazo ziliiacha kabisa ramani ya bweni na kufuata ile ya ua wa mraba wenye lango moja, kama Whitgift Hospital ya Croydon iliyojengwa kati ya mwaka 1596 na 1599, na Abbot's Hospital ya Guildford iliyoanzishwa mwaka 1619.

Sasa turudi Chichester. Walipoamua kuugawa ukumbi wao mwishoni mwa karne ya 17, hawakuwa wakibuni jambo geni; walikuwa wakiwapa wazee wao kile ambacho wazee wa Ewelme walikuwa nacho kwa zaidi ya miaka 200. Linalostahili kuigwa ni namna walivyofanya. Nguzo za mbao za karne ya 13 ziliachwa zimesimama, na paa, ambalo hushuka hadi karibu na kimo cha mtu, likaachwa zima. Vijumba viliingizwa kati ya nguzo na ukuta, na dohani za matofali zikainuliwa kutoka sakafuni na kupenya paa, zikibeba uzito wao zenyewe. Katikati pakabaki njia pana inayoelekea kwenye kikanisa. Ukisimama kwenye njia hiyo na kutazama juu, unauona mfumo wote wa mbao jinsi mafundi wa kwanza walivyouacha. Kilichoongezwa kinaweza kuondolewa kesho na ukumbi ukabaki ukumbi.

Stamford hali ilikuwa tofauti. Wanaume 10 walikuwa wakilala katika vijichumba vidogo ndani ya ukumbi wa chini, na kikanisa kiko mwisho wake. Mwaka 1870 msanifu James Fowler aliviondoa vijichumba hivyo na kujenga makazi mapya kuuzunguka ua wa nyuma. Sura ya mbele, kikanisa na vioo vyake vya rangi vya karne ya 15 vimesalimika, nao wazee walipata nyumba nzuri zaidi. Kilichopotea ni vijichumba vyenyewe, na hivyo jengo halionyeshi tena vizuri lilivyokaliwa kwa karne nne.

Kwa ukumbi wako, mimi naegemea Chichester. Madirisha 8 kila upande katika futi 80 maana yake ni kwamba jengo lenyewe limekwisha kugawika kwa vipande vya futi 10. Kila kiambaza kikae chini ya kenchi, kisiikate hata kidogo, na kifungwe kwa namna ya kuweza kufunguliwa. Milango ya wazee ipatikane kwa kushusha madirisha ya upande wa baraza: unaondoa mawe yaliyo chini ya dirisha tu, linta haiguswi, na upana wa tundu haubadiliki.

Kuhusu mabafu, njia iliyotumika mara nyingi Uingereza katika karne ya 20 ni kujenga kiambatisho chembamba nyuma ya safu ya nyumba na kukusanya humo maji yote, ya kuingia na ya kutoka, ili ukuta wa kale utobolewe mahali pachache iwezekanavyo. Pengine ambapo hapakuwa na nafasi ya nyuma, waliunganisha nyumba mbili kuwa moja, na chumba kimoja kikawa bafu. Hii ya pili inapunguza idadi ya wakazi, kwa hiyo haitakufaa.

Muuguzi Mstaafu, Kakamega

Nimesoma maelezo ya Mhifadhi kwa makini na ninayaheshimu, lakini naomba kusema jambo ambalo huenda lisipendeze. Mimi nimewauguza wazee kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kama ukumbi huo hauwezi kumpa mzee njia ya kufika chooni usiku bila kupanda ngazi wala kupita mlangoni kwa mwenzake, basi na ubomolewe. Tusiwafanye wazee walinzi wa mawe.

Tazameni mfano mwingine wa huko huko Uingereza. Royal Hospital Chelsea ilianzishwa na Mfalme Charles II mwaka 1682 kwa ajili ya askari wazee, na msanifu wake alikuwa Christopher Wren, ambaye hakuna anayemdharau. Hata hivyo kila askari alipewa kijichumba cha mbao chenye futi 6 kwa 6. Baadaye vikapanuliwa hadi futi 9 kwa 9, na ni katika miaka ya 2010 tu ndipo kila mmoja alipopata bafu lake. Zaidi ya miaka 300 jengo tukufu liliwabana watu waliokuwa ndani yake. Ninamuunga mkono yeyote aliyethubutu kuvunja viambaza vile.

Kwa hiyo, Dada, kabla ya kuchora mstari wowote naomba upime mambo haya: mlango usipungue futi 3, maana kigari cha mgonjwa na mwuguzi wake huhitaji nafasi, sakafu ya ndani, ya baraza na ya bafu iwe sawa bila kizingiti, na kitanda kiwekwe mahali ambapo pande zake mbili zinafikika. Chumba cha futi 10 kwa 24 kinatosha kwa hayo yote ikiwa bafu litakuwa nyuma. Lakini nakuomba usiweke vyumba 8 ndani ya ukumbi. Wazee wakikosa mahali pa kukaa pamoja, kila mmoja atajifungia, na wengi wa wale niliowaona wakidhoofika walianza hivyo. Acha sehemu ya katikati iwe wazi, iwe na jiko na meza kubwa.

Jambo la mwisho ni mlango. Huku kwetu magharibi mzee amezoea kuiona njia. Katika boma la Mjaluo nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango, na hata kwetu Waluhya mzee hupenda kukaa mahali anapoweza kumtambua mgeni kabla hajabisha. Milango ya kuelekea barazani ndiyo inayofaa. Mkiwapangia ushoroba wa ndani wenye giza mtakuwa mmejenga wadi.

Mhifadhi, Kisumu

Mama Muuguzi, kuhusu milango na sehemu ya katikati naungana nawe kabisa, na historia iko upande wako: ile ramani ya ua yenye milango inayotazamana ilidumu kwa sababu kila mkazi aliwaona wenzake na wao wakamwona. Hata leo wasanifu wanairudia. Appleby Blue, nyumba ya hisani mpya iliyojengwa Bermondsey, London, na kushinda Tuzo ya Stirling ya usanifu wa majengo mwaka 2025, ina ushoroba mpana wenye vioo na mabenchi unaoizunguka bustani, ili mtu anayetoka kwake apite mahali ambapo wenzake wameketi.

Nisipokubaliana nawe ni kwenye kubomoa. Jengo likibomolewa Bahati, hakuna hakika kwamba lile jipya litawafikia wazee wale wale. Mara nyingi huko Uingereza jengo lilipoguswa na fedha kubwa, wazee ndio walioondoka. Nyumba 14 za Geffrye, zilizojengwa Shoreditch mwaka 1714 kwa urithi wa Sir Robert Geffrye, aliyewahi kuwa Meya wa London, zimehifadhiwa vizuri sana, lakini tangu mwaka 1914 ni jumba la makumbusho. Wazee walihamishiwa kwingine, na kuta za ndani zilitobolewa ili wageni wapite kutoka nyumba hadi nyumba. Whitgift nayo nusura ibomolewe ili barabara ipanuliwe, na ni Bunge la Mabwana, yaani baraza la juu la bunge la Uingereza, lililoiokoa mwaka 1923. Kwa hiyo nikiutetea ukumbi ninawatetea pia watakaolala ndani yake, kwa kuwa jengo dogo lenye umbo lake la kale ni gumu kuligeuza kuwa kitu kingine.

Kuhusu sheria, Uingereza ilianza kuorodhesha majengo ya thamani kwa nchi nzima kwa sheria ya mwaka 1947, na kwa jengo lililoorodheshwa huwezi kubadilisha hata kiambaza cha ndani chenye umuhimu bila idhini. Kwetu Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa la kulindwa, lakini majengo mengi ya misheni katika Bonde la Ufa na magharibi hayajatangazwa, na hatima yake iko mikononi mwa kamati kama yenu. Ndiyo maana nakusihi uchore jengo zima kwa vipimo, na kulipiga picha ndani na nje, kabla fundi hajaingia.

Mwashi wa Koru

Hamjambo. Nimewaona mkizungumza kuhusu vyumba, na hakuna aliyegusa mawe. Mimi ni mwashi, na ninajua kitakachotokea Bahati msipoangalia: mtaleta fundi ambaye ataziba nyufa zote kwa saruji, kisha atapiga plasta ya saruji ndani na nje ili ukuta ung'are siku ya ufunguzi.

Mawe ya Ndundori ni majivu ya volkeno yaliyoshikamana. Yanakunywa maji mvua inaponyesha na kuyatoa jua linapowaka, na ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa hutoa unyevu kupitia viungo vyake. Ukiziba viungo kwa saruji, unyevu hukosa njia na kulazimika kutokea katika jiwe lenyewe. Ukitaka ushahidi, tafuta mahali ambapo ukuta huo ulishawahi kutiwa kiraka cha saruji, ninaamini hapakosekani, kisha upitishe kidole kwenye jiwe lililo kando yake. Utaona kiungo cha saruji kimebaki kimetokeza mbele kama ubavu wa ng'ombe aliyekonda, na jiwe limerudi nyuma, na vumbi lake litakubakia kidoleni. Waingereza walijifunza somo hili kwa gharama kubwa kwa matofali yao laini, na ndiyo sababu wanaohifadhi nyumba hizi leo hurudia chokaa.

Chokaa inachomwa hapa hapa Koru, kwa hiyo msidanganywe kwamba haipatikani. Ilowekeni iwe uji mzito na muiache kwa majuma kadhaa, kisha sehemu moja ya uji huo ichanganywe na sehemu tatu za mchanga mkali uliooshwa. Kwangueni viungo vilivyooza hadi kina cha mara mbili ya upana wake, nyunyizieni maji, jazeni, kisha funikeni kwa magunia mabichi, kwa sababu chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa na jua la Nakuru likiipiga mapema itapasuka. Fundi atalalamika kwamba kazi inachelewa. Mwambieni ndivyo ilivyo.

Pia, kile kiambatisho cha mabafu kisifungwe kwenye ukuta wa kale kwa nondo. Kiwe na msingi wake na kuta zake, na pale kinapogusana na ukuta wa mawe pawekwe bamba la risasi au la bati la kumwaga maji. Majengo mawili yenye misingi ya umri tofauti hayatulii pamoja, na ufa utatokea tu.

Mchora Ramani, Nakuru

Nawashukuru nyote, na hasa Mama Muuguzi kwa kutonificha. Kwa msaada wenu nimechora upya, na mpango ninaoupeleka kwa kamati ni huu: vipande viwili vya katikati, yaani futi 20, vinabaki wazi kama sebule ya pamoja ambamo kenchi zitaonekana, vyumba vitatu vinakaa kila upande, kila kimoja na mlango wa kutokea barazani, na nyumba mbili zilizosalia zinajengwa upya, moja kila pembe ya nyuma, ili pamoja na ukumbi zifanye ua uliofunguka upande mmoja. Madirisha ya nyuma ya vyumba sita yatashushwa kuwa milango ya mabafu. Linaloniumiza kichwa bado ni mwanga: chumba chenye kina cha futi 24 kikipata mwanga kutoka mlango wa mbele tu kitakuwa na giza nyuma. Kadhalika, tundu la dirisha lina upana wa inchi 38, na nikitia fremu sizifikii zile futi 3 za Mama.

Mhifadhi, Kisumu

Kuhusu mwanga, shusha paa la kiambatisho chini ya kimo cha linta na uache sehemu ya juu ya kila dirisha la nyuma iwe kioo juu ya mlango wa bafu. Kama kimo hakiruhusu, badilisha mabati mawili matatu juu ya kila chumba yawe ya kupitisha mwanga, na dari iwe na tundu lililonyooka nayo. Paa la mabati si la asili ya karne ya 13, na hakuna atakayelililia. Kuhusu mlango, tumia fremu nyembamba ya chuma iliyowekwa nyuma ya jiwe badala ya ndani ya tundu, nawe utapata inchi 36 kamili bila kuchonga hata jiwe moja.

Muuguzi Mstaafu, Kakamega

Inchi 36 kamili ninazikubali, mradi mlango ufunguke kuelekea barazani, mtu akianguka nyuma yake tuweze kumfikia. Na kabla kamati haijapiga kura, waulizeni pia fedha za ukarabati wa kila mwaka zitatoka wapi. William Browne aliwaachia wazee wa Stamford mali ya kuwatunza pamoja na jengo; kamati yenu nayo itenge shamba au vibanda vya kukodisha, na iandike hivyo katika katiba yake.

Mwashi wa Koru

Nami naongeza moja tu: kabla ya kuanza, jaribuni chokaa kwenye ukuta wa nyuma, futi 3 kwa 3, na muiache ipitiwe na msimu mmoja wa mvua. Mkiona haikupasuka na jiwe la kando halitoi vumbi, endeleeni na ukuta mzima.